Taa ya Samaki wa Tumpale

Iringa, Jumamosi, 12 Juni 1976

Tumpale,

Leo kumekucha na ukungu mzito, na ile baridi unayoichukia. Bado naandika "unayoichukia," kana kwamba umetoka tu kwenda sokoni. Nilitaka kulifuta neno niandike "uliyoichukia." Nimeliacha.

Samaki wako wamebaki wawili. Naanza na hilo maana ndilo ungeuliza kwanza, hata kabla ya kuuliza kama nimekula.

Bwana Shamba yupo, yule dume uliyempa jina hilo kwa sababu kutwa anazunguka mawe kukagua na kuwafukuza wenzake, kama bwana shamba anayetafuta asiyepalilia. Na yupo jike mmoja wa rangi ya majivu, ambaye hukuwahi kumpa jina. Wengine walikufa wiki ya msiba wako. Sikuwa na moyo wa kuliandika hilo mpaka leo.

Ilikuwa hivi. Watu walipojaa, wanaume wakakaa nje kwenye moto, na barazani hakukuwa na taa. Mama Kisa, jirani yetu, ambaye tangu asubuhi alikuwa akihangaika kama ndugu wa tumbo moja, alipita sebuleni akaona balbu inawaka juu ya sanduku la vioo. Akaona haifai, samaki wakae kwenye mwanga na waombolezaji wakae gizani. Akaifungua, akaifunga kwenye waya wa barazani. Sikuwa na akili zangu siku ile, huenda hata nilimshikia kiti apande. Angejuaje kwamba balbu ile ndiyo iliyokuwa moto wao? Wageni wote walidhani ni pambo.

Tena, kwa kuwa kwenye nyumba ya msiba hakuna anayeachwa na njaa, akina mama wakawamegea ugali. Kila aliyepita sebuleni aliwatupia kitonge. Siku ya tatu maji yalikuwa yamekuwa kama togwa. Sijui ni baridi iliyowaua au ni ugali, na sitauliza, maana Mama Kisa ataanza kulia upya.

Niliwafukia chini ya mti wa mapera, peke yangu, watu walipokwisha kutawanyika. Nilihisi mjinga kidogo. Halafu sikuhisi mjinga tena.

Nakumbuka ulivyowaleta. Ndoo ya plastiki mapajani, imefunikwa kanga, kutoka kwenu Matema, kando ya ziwa, mpaka hapa, basi baada ya basi. Mimi nilibeba mawe. Pale stendi ya Mbeya baridi ilipotupiga, ulimwomba mama muuza chai maji ya uvuguvugu, ukawa unayachanganya kidogo kidogo ndani ya ndoo huku unayapima kwa kiwiko, kama anayetaka kumwogesha mtoto. Yule mama akafunua kanga kwa huruma amwone huyo mtoto. Alivyoruka nyuma, birika nusura limwangukie. Ulicheka mpaka Chimala, kila ukinyamaza unaanza tena, na abiria wakawa wanacheka bila kujua wanachekea nini.

Kila asubuhi uliwaamkia kwa Kinyakyusa, "Mugonile," kabla hujaniamkia mimi. Nilikuwa najifanya nimekasirika.

Sasa ninawaamkia mimi. Kinyakyusa changu unakijua.

Jambo lililonifanya niandike leo ni huyu jike. Wiki hii ameacha kula. Nikimpa chakula anakigeukia kisha anaondoka, na chini ya taya amevimba kama mtu aliyefutika tonge la ugali. Mama Kisa alimwona akasema huyu naye anaondoka. Mimi nilijua. Ulinionyesha mwaka ule wa kwanza, ukanishika mkono nisisogee: hawa wa kwetu hawatagi wakaacha, ulisema, mama huweka watoto mdomoni, hashibi wala hali mpaka wajue kuogelea, na akishtuka sana huwatema au huwameza.

Kwa hiyo amebeba. Watoto wa samaki uliowaleta kwa ndoo, wa mwisho, wote wako ndani ya mdomo mmoja. Wewe na mimi hatukujaliwa, na hatukuwa watu wa kulizungumza sana. Lakini juzi nilipomwona vile nilikaa kwenye kiti chako nikashindwa kunyanyuka.

Na jana kazini, kule stoo ya vifaa vya barabara Ipogolo, dereva mmoja akaniambia zile taa za tyubu zimefika dukani karibu na soko.

Unakumbuka tulivyozitafuta. Uliiona moja ofisini kwa mwalimu mkuu wako, ile taa ndefu nyeupe, ukarudi nyumbani huna habari nyingine. Balbu yetu hukuipenda. Ulisema inayafanya maji yaonekane kama chai ya rangi. Ulisema kwenu saa sita mchana mtu akisimama ziwani anaona vidole vyake vya miguu, na samaki wanavyopita juu yake, na bluu yao inaumiza macho, lakini hapa kwetu Bwana Shamba amekuwa na rangi ya soksi iliyofuliwa mno. Tuliuliza maduka yote. Hakuna, labda mwezi ujao. Miezi ijayo ikapita, na wewe nawe.

Leo Jumamosi tunatoka saa sita. Nikaenda moja kwa moja.

Mwenye duka ni yule mzee Mhindi anayeongea Kihehe kuliko vijana wetu. Tulisalimiana kamwene, akauliza chumba changu kina ukubwa gani. Nikamwambia si ya chumba, ni ya samaki. Akamwita mkewe aje asikie.

"Mimi nimeuza taa ya ofisi, taa ya msikiti, taa ya kanisa," alisema. "Samaki nao wamehamia mjini?"

Watu walicheka, nami nikacheka. Halafu nikamwambia samaki ni wa marehemu mke wangu. Akanipa pole kwa Kihehe, taratibu, yote mpaka mwisho, kama inavyotakiwa. Kisha bila kuombwa akazifunga taa zote mbili juu ya meza, balbu kushoto na tyubu kulia, akaziwasha, akasema nichague kwa macho yangu mwenyewe.

Nilikaa pale muda mrefu kuliko mteja anavyopaswa kukaa. Kwa macho, hapakuwa na la kuchagua. Chini ya tyubu hata mikono yangu ilionekana ya mtu mwingine, kila mshipa na kila kovu. Lakini niliweka kiganja juu ya balbu kikaungua, nikakiweka juu ya tyubu, ilikuwa na uvuguvugu mdogo tu, kama kikombe ambacho mtu amekisahau. Na huu ni mwezi wa sita, Iringa.

Nikajipa shauri: mchana tyubu, wapate mwanga wa kwenu, jioni balbu, wapate joto. Nikaona nimefikiri vizuri sana. Nikanunua, na choki yake na stata yake vya kuiwashia, nikabeba mzigo kwapani mpaka nyumbani Mlandege kama mtu aliyebeba muwa.

Sekela, mdogo wako, bado yuko nami. Jumatatu anarudi Matema. Alinikuta nimekwisha kupanda juu ya stuli, akashika waya bila kuuliza. Nilipomaliza ilikuwa kama saa tisa, na ukungu ulikuwa bado haujatoka, nyumba yote ya kijivu. Nikabonyeza swichi. Tyubu ikapepesa, ikasita, ikapepesa tena. Ikawaka.

Tumpale, ni bluu.

Nilikuwa siamini, nisamehe. Miaka yote nilidhani unaongeza chumvi kwa ajili ya kukumbuka nyumbani. Bwana Shamba alitoka nyuma ya jiwe akageuka mara moja, na ubavu wake ukawaka kama moto wa spiriti, na ile mistari myeusi ambayo sikuwahi kuiona, kumbe anayo. Mawe yenyewe yalikuwa na rangi. Maji hayakuwepo kabisa, samaki alikuwa anaelea hewani sebuleni kwetu. Sekela alitamka jina la kwenu taratibu, Matema, akaweka mkono mdomoni.

Nilifurahi. Nakuandikia hivyo kwa sababu ni kweli, nilifurahi kama mtoto, na nikageuka nikuite.

Nilipogeuza macho tena, jike alikuwa anajigonga kwenye kioo. Alipiga kona moja, akapiga ya pili, akajisukuma chini ya jiwe ambalo halimtoshi, mkia ukabaki nje unatetemeka. Taya ilikuwa inafunguka na kufungika, kufunguka na kufungika. Kisha akatema kitu kimoja, kidogo kama punje ya ulezi, chenye macho mawili meusi. Kilishuka taratibu. Kilikuwa bado hakijui kuogelea. Bwana Shamba alikuja na uzuri wake wote akakimeza.

Mimi nilisimama tu. Nilijiambia atazoea. Nilijiambia ni dakika ya kwanza tu, kila mgeni huzoea. Nadhani nilijiambia hivyo kwa sababu macho yangu yalikuwa yamerudi kwenye ile bluu.

Sekela hakupandisha sauti. Unamjua, yeye hata akiswaga ng'ombe hapandishi sauti.

"Shemeji," alisema, "taa hii unawawashia hao, au unamwashia dada?"

Nikazima.

Nilifungua tyubu, nikaifuta vumbi ambalo haikuwa nalo, nikairudisha kwenye karatasi yake na kuilaza juu ya kabati, nyuma ya mikoba yako. Sekela ndiye aliyefunga balbu. Maji yakarudi kuwa chai. Bwana Shamba akarudi kuwa soksi. Tukafunika upande wa dirishani kwa shuka, tukatoka kwenda kukaa jikoni, ili kusiwe na mtu wa kumtisha.

Huko jikoni ndiko tulikolia, mimi na mdogo wako, yeye akimenya viazi na mimi sina ninalofanya. Siku ya mazishi nilikuwa na kazi nyingi: viti, maturubai, wageni wa kutoka kwenu wapate pa kulala. Leo hakukuwa na kazi. Baadaye akasema viazi vya Iringa vina maganda magumu kama watu wake, nikamwambia Wanyakyusa wenye ndizi zao hawajui kumenya ila ndizi, tukapumzika kidogo.

Nilitaka uione, ndiyo maana. Si zaidi ya hapo. Niliona kama nikiiwasha ile taa, kitu ulichokuwa unakisubiri kitakuwa kimefika, na mtu akifikiwa na kitu alichokisubiri huwa anakuja kukipokea. Nikiandika naona ni upuuzi. Saa tisa ile haukuwa upuuzi.

Sasa ni jioni, na Sekela anapakua. Nimetoka kuchungulia. Jike amesogea chini ya balbu, pale maji yanapopata joto, ametulia. Taya bado imejaa. Sijui ni wangapi waliobaki, wala kama wanatosha, wala kama kesho nitamkuta amewameza wote kwa hofu niliyomtia. Taa ni hii hii ya rangi ya chai mpaka atakapowatoa mwenyewe, na baada ya hapo mpaka watakapokuwa wakubwa. Nikiwa na hamu ya bluu nitafumba macho.

Sekela atapita kaburini kesho baada ya ibada, kabla hajafunga mizigo. Mimi nitabaki nyumbani na huyu mama, nisimwache na baridi umeme ukikatika. Usiseme sikuja.

Huko uliko, nikumbuke.