Fomu Chini ya Sanduku la Spana

3 Februari
Baba,
Shikamoo. Mama hajambo? Mimi mzima, kazi tu. Hongera kwa kustaafu. Nimeambatisha fomu ya bima ya ziada. Ile bima ya kawaida inalipa daktari na kitanda. Miwani, meno, upasuaji wa macho, hailipi. Hapo ndipo hii ya ziada inaingia. Ukijiunga ndani ya miezi sita tangu kustaafu, wewe na mama mnapokelewa bila kupimwa. Mkichelewa, ugonjwa mtakaokuwa nao tayari hawaugusi. Mwambie mama akusomee.
Binti yako

20 Februari
Binti yangu,
Marahaba. Mama yako mzima, mimi ndiyo usiseme, nadunda. Fomu nimepeleka, usinisumbue. Lakini karatasi hizo ni za watu wasiojulikana pale hospitalini. Miaka thelathini na moja nimefunga mabomba ya hospitali ile! Maji yakikatika, daktari mkuu anasimama na glavu zake ananingoja mimi. Ananiita Injinia. Halafu nisomewe na mama yako? Mimi mtoto wa darasa la kwanza?
Baba yako, Injinia

11 Novemba
Baba,
Shikamoo. Poleni na majukumu. Shangazi ametoka kwenu, anasema mama anamimina chai nje ya kikombe. Mpeleke hospitali kesho, bima ya ziada ipo. Mbona hujawahi kunitajia kadi?
Binti yako

2 Desemba
Binti yangu,
Marahaba. Mimi mzima. Mama yako haoni vizuri. Nilimpeleka. Nikamwambia binti wa dirishani, mimi ndiye Injinia wa mabomba. Akasema, "Sawa babu, kadi ya ziada iko wapi?" Daktari mkuu kumbe kastaafu. Hata mlinzi mgeni. Tukakaa benchi, juu yetu bomba nililolifunga kwa mikono hii, halivuji hata tone. Daktari akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili.
Fomu sikupeleka. Iko chini ya sanduku la spana. Barua zako nazisoma polepole, lakini yale maandishi ya fomu yalinishinda. Mama yako alinyoosha mkono mara mbili, "Lete nikusomee," nikamwambia nishamaliza. Siku zile macho yake yalikuwa mazima.
Usimwambie. Anadhani bima wamemkataa kwa uzee.
Baba yako

15 Desemba
Baba,
Shikamoo. Barua hii msomee mama, yote, kwa sauti.
Mama, hawakukukataa. Baba hakupeleka fomu, akanidanganya kuwa amepeleka. Sasa ukijiunga, macho hawatalipia. Jicho moja nitalimudu mwezi wa tatu. La pili sijui lini. Nisamehe, mimi nami sikufuatilia.
Binti yenu

28 Desemba
Binti yangu,
Marahaba. Nimesoma, kidole juu ya mstari, jasho linanitoka. Nilipofika pale uliponitaja nikaruka, nikaenda kwenye jicho la mwezi wa tatu.
Mama yako akasema, "Injinia, rudi uliporuka."
Nikasema hapana kitu hapo.
"Hiyo fomu niliipapasa mwezi wa tisa nikifagia chini ya sanduku lako, nikaijua. Nangoja useme. Rudi."
Nikarudi. Nikasoma mpaka mwisho. Hakunitukana, heri angenitukana. Alinyoosha mkono, kama siku zile, nikampa karatasi, akaikunja akaiweka kifuani.
Siku hizi chai namimina mimi. Leo ilifurika ikamwagika mezani, maana nilikuwa namtazama yeye. Akaisikia ikidondoka sakafuni.
"Kumbe na wewe huoni," akasema.
Nilichukua tambara nikafuta.
Baba yako