Dawa za Mgongo Nisioumwa

Mshauri wangu, nakuandikia haraka kabla mume wangu hajarudi kutoka kazini, maana naogopa, naogopa kweli. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule, na mwaka jana mimba yangu ilipoharibika nilizama kwenye huzuni mpaka nikashindwa hata kutunga uzi, daktari akasema ni sonona akanipa vidonge, vikanisaidia, nikarudi kwenye mashine, lakini nyumbani sikusema kwa sababu wifi yangu aliwahi kutumia dawa kama hizo na ukoo mzima ukamwita chizi, basi mume wangu alipoviona nikamwambia ni vya mgongo, kazi ya kuinama si unaijua. Akaniamini. Akaenda duka la dawa akaniletea diklofenaki, "Hizi ndizo kiboko, mke wangu," na kila nikimaliza kula anasimama na glasi ya maji mpaka nimeze. Nameza zake, kisha kwa kificho nameza zangu. Sasa tumbo linawaka moto, choo kimekuwa cheusi kama lami, na leo nimepata kizunguzungu nikaangukia meza ya kukatia vitambaa. Nikisema ukweli ataniacha. Nifanyeje?

JIBU: Fundi, haya nilikutumia kwa simu mara tu nilipokusoma, nayachapa hapa kwa ajili ya wenzako. Nenda hospitali sasa hivi, hata pindo usimalizie. Choo cheusi namna hiyo huenda ni damu inayovuja tumboni. Nimemuuliza daktari: vidonge vingi vya sonona hufanya damu ichelewe kuganda, na diklofenaki huchubua utando wa tumbo. Ukivichanganya, hatari ya kutoka damu inapanda. Diklofenaki acha leo. Vya sonona usivikatishe kwa uamuzi wako. Beba vyote ukamwonyeshe daktari. Na siku nyingine, hata ukinunua dawa ya kichwa tu, mwambie muuzaji unatumia nini.

Pole sana kwa mtoto wako. Nadhani hujapewa pole ya kutosha. Lakini nitakugombeza pia: umemwacha mumeo akuumize huku akidhani anakuuguza. Mwanaume anayehangaikia mgongo usiouma, kwa nini una uhakika atakukimbia ukimwambia kinachouma? Na akikukimbia, hilo tutalijadili ukiwa hai.

Usiende peke yako, unaweza kuanguka. Mpigie yeye. Mwambie, "Njoo unipeleke hospitali, nitakueleza njiani." Na njiani umweleze.