Meneja Amegoma Kunibeba Harusini

Bi Adhiambo, pokea salamu zangu kutoka Buruburu. Mimi si mtu wa kupeleka shida zangu gazetini, lakini hii imenishinda, na naomba unisome polepole.

Mimi ni fundi wa mabomba Industrial Area, shule niliachia darasa la nne, lakini kwa farasi mimi ni profesa, maana ujana wangu niliumaliza Naivasha kwa mzungu mmoja na farasi wake wote walinijua kwa kikohozi tu, kuna mmoja tulifukuza naye swara mpaka swara akachoka akaketi akatungoja, na siku nyingine nilishindana na treni ya Kisumu, dereva akanivulia kofia. Hadithi hizi Waithera amezisikia tangu ananyonya. Ni binti wa marehemu kaka yangu, nimemlea mimi, na mwezi ujao anaolewa na kijana Obura anayefanya kazi kaunsili ya jiji, na siku ya mkutano wa wazee nilisimama nikasema bibi harusi wetu atatanguliwa na mimi juu ya farasi mpaka mlango wa kanisa. Watu wa Obura walipiga makofi. Wameshatangaza hadi Maseno.

Farasi nimepata. Ni wa Nzomo mpiga picha, anayekalisha watoto juu yake siku za sikukuu. Zamani alikuwa wa mashindano, ni mweupe, jina lake Meneja. Nzomo ameniruhusu nifanye mazoezi asubuhi kwenye nyasi za upande wa Kayole. Sasa sikia. Nikipanda anatembea vizuri mpaka katikati ya nyasi, halafu anasimama. Nikimpiga visigino anageuza shingo, ananitazama goti kama mtu anayeuliza bei. Natoa mandazi mfukoni, anakula, anakwenda kidogo, anasimama tena. Juzi mkanda wa tandiko nilioufunga mwenyewe ulilegea, tandiko likazunguka, nami nikazunguka nalo taratibu mpaka nikajikuta nimelala kwenye umande natazama tumbo lake.

Na akisimama pale, Bi Adhiambo, mimi pia huanza kupotea. Ukungu unafunika miguu yake, nakuwa kama nimeketi juu ya wingu, moshi wa viwanda unapanda kule mbali bila sauti, shingo ya farasi inanukia kama mvua ya kwanza kwenye vumbi, na kaka yangu anakuja kwa miguu na koti lake la kahawia, hazeeki, tunaongea kidogo, namwonyesha Waithera na shela yake, anacheka. Kisha akina mama wa kwenda sokoni wanapita, na mmoja anauliza, "Mzee, imezima? Tukusukume?"

Jana Waithera alikuja kuniuliza. "Baba mdogo, kama huyo farasi hawezi, niambie mapema. Usiniache nikingoja mbele ya wakwe." Nikamwambia farasi ana mafua.

Nifanye nini Meneja anitii? Nimwongezee mandazi?

Gachanja, Bingwa wa Naivasha

*

Gachanja, nimekusoma polepole kama ulivyotaka, na hata yule swara nimemvumilia.

Mimi nimekulia Molo, uzio mmoja na zizi la farasi, na hilo la mandazi limenitoa machozi ya kicheko. Unamlipa farasi mshahara wa kugoma. Akisimama anakula, akitembea anabeba mzee. Wewe ungechagua nini? Anakupima aone nani anaamua, na kila asubuhi unampa jibu lenye sukari.

Kesho nenda na mfuko mtupu. Funga mkanda, mtembeze kidogo, kisha kaza tena kabla ya kupanda, maana farasi mzoefu hujaza tumbo hewa unapomfunga, akiitoa tandiko linateleza. Profesa angelijua hilo. Akisimama, acha mateke. Vuta hatamu moja kwa upole, mzungushe duara dogo, tena na tena, mpaka aone kwenda mbele ndiyo nafuu. Akienda tu, legeza mkono, hiyo ndiyo zawadi yake. Na utazame unakokwenda. Ukianza kuota huko juu mgongo unalegea, naye anahisi hana mtu mgongoni. Pole sana kwa kaka yako, lakini ongea naye ukiwa umeshuka.

Sasa Waithera. Msichana amekuuliza swali la wazi, ukamjibu mafua. Hukuona haya? Anachoogopa ni kusimama pale na shela, baba hayupo, na wewe umekwama barabarani. Mwambie leo, kabla hamjanywa chai, kwamba farasi bado anakushinda. Kisha mkubaliane hivi: ikibaki wiki moja, na Meneja hajaweza kutoka nyasini akapita Jogoo Road na magari yake bila kusimama, huyo hapandwi. Utamwongoza kwa kamba, utembee kwa miguu mbele ya gari la bibi harusi, Nzomo akiwa kando yako. Akigoma hata hapo, mwachie Nzomo kamba, wewe usigeuke nyuma. Mlangoni mwa kanisa kuna mkono wa Waithera wa kushikwa, na hakuna mwingine wa kuushika.