Niliandika Kwenye Tovuti Walikojificha

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako na unisamehe kwa urefu wa barua hii, maana jambo hili sijamwambia mtu tangu Januari.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na sita, nauza vitambaa hapa Nakuru katika duka la kina Neha, na mwaka jana mwezi wa tisa Neha alinifundisha kutengeneza tovuti yangu mwenyewe ya bure pale saiba, kwenye duka la intaneti, nikaweka picha yangu, nikaweka maua yanayometameta na kisanduku cha kuhesabu wageni, halafu nikaandika ukurasa wa Karibu Nyumbani unaoeleza njia ya kwetu Kabazi mpaka kwenye geti, kwa sababu kwetu ukimwelekeza mgeni humwachi njia panda. Neha aliniambia, "Hii ni yako, bila password hakuna mtu ataingia," nami nikaamini hata kusoma ni mpaka uwe na hilo neno la siri, nikawaandikia watu sita kwenye karatasi, anwani na neno la siri, nikajua tuko saba tu.

Machafuko ya baada ya uchaguzi yalipoanza, rafiki yangu Chepngeno na mumewe Kimeli walifukuzwa nyumba ya kupanga kwa sababu ya kabila lao, na baba yangu, mzee Hiram, akawaficha Kabazi pamoja na mtoto wao, na kadi za kuongeza salio la simu zilikuwa hazipatikani, na jamaa zao mpaka wale wa Dubai wakawa wananiuliza kwa barua pepe kama wako hai, basi siku saiba ilipofunguliwa kwa saa mbili nikaona badala ya kumjibu kila mmoja niwatumie anwani na neno la siri, niandike mara moja kwenye tovuti: "Msijali, Chepngeno na Kimeli wako kwetu, wanalala kwenye stoo nyuma ya nyumba, wana blanketi na baba anawapelekea uji."

Siku ya nne baada ya kuandika, saa kumi na moja jioni, vijana waliingia kwetu na hawakuuliza chochote, waliupita mlango wa nyumba kubwa wakaenda moja kwa moja kwenye stoo. Kimeli alisimama mlangoni ili mkewe apite dirishani na mtoto, na wakamkata kwa panga hapo hapo, akafa, na baba alipojaribu kuwazuia walimvunja mkono.

Februari nilifungua tovuti nikakuta kisanduku kimehesabu wageni arobaini na watatu. Nilimuuliza Neha kama mtu anayeuliza tu, akacheka: "Wewe, mtu yeyote dunia hii anaweza soma. Password ni ya kuandika."

Sasa kule nyumbani wanasema jirani yetu Mama Nyawira ndiye aliyewauza, kwa sababu alimwona Chepngeno akichota maji, na wamama wa chama chao cha kuchangiana pesa wamemtoa, hakuna anayemsalimia, na baba mwenyewe anasema ni yeye, nami nakaa kimya. Wiki iliyopita Chepngeno, ambaye sasa anaishi kwa kaka yake Kimaiyo huko Rongai, alinipigia akasema, "Ni wewe uliwaambia watu wetu tuko hai. Weka picha ya Kimeli kwa hiyo web yako, mtoto akikua aone baba yake." Nikamjibu sawa. Je, nifute tovuti ninyamaze, au niseme nimpoteze rafiki yangu na baba yangu siku moja?

— Nakosa usingizi, Nakuru

JIBU

Binti, majina yote nimeyabadilisha mimi, na mistari kadhaa nimeikata, maana hata mimi nisiyekujua umenieleza njia ya kwenu mpaka kwenye geti. Miezi minne baada ya maziko, bado hujajifunza.

Nakuonea huruma, tena sana. Uliandika kwa upendo, na kutojua si dhambi. Wale waliokuja sijui kama walisoma, wala wewe hujui. Kisanduku chako kinaweza kumhesabu mtu mmoja mara kumi, wewe mwenyewe ukiwemo. Muuaji ni aliyeshika panga. Usimvue hatia yake ukaivaa wewe.

Lakini kunyamaza kwako si kutojua. Mficha maradhi kifo humuumbua, ila wewe umeficha na anayeumbuliwa ni Mama Nyawira. Hilo ni kosa, unalifanya kila asubuhi, na unaweza kuliacha leo.

Nenda saiba sasa hivi. Chapisha ukurasa wote kwenye karatasi, kisha ufute yale maelekezo na habari ya stoo. Picha ya Kimeli usiiweke. Jumamosi panda Kabazi, umsomee baba yako karatasi hiyo neno kwa neno. Akikasirika, mwache akasirike. Siku hiyo hiyo mwende wote wawili kwa Mama Nyawira, mkaseme mbele ya wamama wa chama, si kwa kunong'ona jikoni. Nakala moja ipeleke kwa polisi wanaoandikisha taarifa.

Jumapili nenda Rongai. Usipige simu, nenda. Mwambie Chepngeno kaka yake akiwepo, mwambie kabla hajakuwekea chai, na usilie mpaka iwe yeye ndiye anayekubembeleza. Picha ya mumewe iwekwe wapi, ataamua yeye akishajua. Huenda asikusamehe.

Beba nauli ya kurudi, maana huenda usiambiwe ulale.