Mkono Wako Juu ya Tumbo la Felisita

Mama yangu,

Leo nimetoka kazini mapema, nimekaa barazani kwa mjomba, na nimeona nikuandikie kabla watoto wake hawajarudi kutoka madrasa. Huu ni mwezi wa tano tangu tukuzike. Wanaokuja kunipa pole wanategemea nilie, nami nalia kidogo, lakini ukweli ni kwamba moyo wangu umetulia. Nataka nikueleze kwa nini.

Tuliporudi Gisenyi nilikuwa na miaka sita. Baba alikuwa amekufa kwa homa vitani, mbali sana, nawe hadi wakati huo ulikuwa umebaki Kongo ukifanya kazi katika hospitali ya kambi ya askari. Walikuandika msaidizi, wakakupa gauni la kaki na viatu vya ngozi vilivyokuzidi miguu. Uliosha vidonda, ulichemsha sindano, ulibeba machela pamoja na wanaume. Mjomba, fundi cherehani, alitupokea bila swali na kutupa chumba cha nyuma. Mtaani, hata hivyo, walikuita mwanamke wa kambi. Hawakusema kwa sauti kubwa. Walisema kwa sauti inayotosha kukufikia.

Ulipata kazi dispansari, upande wa akina mama. Kila wiki, siku ya soko, ulikwenda kwa miguu hadi Nyamyumba, kijiji cha kando ya ziwa, kuwapapasa wajawazito matumbo na kuwaomba waje kujifungulia mjini. Ulivaa vile viatu. Siku moja tukiwa njiani kwenda shule, wasichana wenzangu walikuona, wakaniuliza wewe ni nani wangu. Nikajibu, "Ni shangazi, anakaa kwetu kwa muda." Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Jibu lile lilinisumbua mwaka mzima.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini, wakati wa likizo, uliponichukua Nyamyumba nikubebee kikapu. Tulipofika kwa Yohana mvuvi, tulikuta mke wake, Felisita, amejifungua mtoto wa kike muda mfupi uliopita. Mtoto alikuwa mzima. Kondo la nyuma lilikuwa limetoka, lakini damu haikusimama. Mkeka ulikuwa umelowa. Mama mkwe wake alisimama mlangoni.

"Mwanamuke ya kambi hatagusa mukamwana wangu," alisema.

Hukubishana naye. Ulimtazama Yohana, ukazungumza polepole. "Yohana, damu hii haitasimama yenyewe. Mi najua kuishikilia, lakini siwezi kuimaliza. Daktari iko Gisenyi. Unataka bibi yako aishi?"

Yohana alimtazama mama yake, akamtazama Felisita, ambaye midomo yake ilikuwa imepauka. Akasema, "Mama, toka mulangoni."

Ulipiga magoti, ukatafuta mji wa mimba kwa vidole, ukausugua kwa nguvu mpaka Felisita akalia. Kisha ukakunja ngumi, ukakandamiza juu ya tumbo. Damu ikapungua. Ulipolegeza kidogo ili upumzike, ikarudi. Hapo nikaona uso wako umebadilika, na nikaelewa kwamba mkono ule hautaondoka tena mpaka mjini.

Kumbeba mabegani kwa ingobyi, machela yetu ya kusuka, kupanda na kushuka vilima kungemtikisa sana, kwa hiyo Yohana na ndugu zake wawili walimlaza ndani ya mtumbwi. Ilikuwa mchana, na upepo wa ziwa ulikuwa umeanza. Mmoja wa wale ndugu alisita. "Ziwa iko mubaya saa hii. Tungoje kidogo."

"Hatungoji," ulisema. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia sauti yako ya kambini. Haikuwa kubwa, ila yule ndugu akashika kasia. Ukaanza kuwahesabia, moja, mbili, moja, mbili, nao wakapiga kasia kwa hesabu yako. Mimi nilikaa nyuma nikiwa nimemfunga mtoto kifuani, ndani ya gauni langu. Maji yalituingilia. Wewe ulikuwa umeinama juu ya Felisita, ngumi tumboni kwake, ukihesabu na kumwita jina kila alipofumba macho. Sijui ilichukua muda gani. Najua kwamba hukubadilisha mkono hata mara moja.

Ufukweni Gisenyi watu waliotuona walitukimbilia na machela ya dispansari. Ulitembea kando yake ukikandamiza mpaka ndani, mpaka daktari akaweka mkono wake mahali pa wako.

Tulikaa kwenye ngazi za dispansari. Vidole vyako vilikuwa vimekakamaa, vikakataa kufunguka, nami nikavifungua kimoja kimoja. Ndipo uliponiambia jambo ambalo hukuwahi kulisema. "Kambini, bibi ya kaporali alifia mukononi mwangu. Mutoto alitoka muzima, damu ikakataa kusimama. Nilijua kufunga muguu ya askari, sikujua kitu ya wanawake. Kisha infirmier, muuguzi wa kambi, akanionyesha kukandamiza tumbo. Nilimwambia, kumbe ilikuwa tu hivi?"

Nililia, nikakwambia habari ya shangazi. Ulinisikiliza mpaka mwisho.

"Nilijua," ulisema. "Mwalimu wako alinisalimia sokoni: bonjour, shangazi ya Saada." Ukacheka mpaka ukashika ubavu. "Ulikuwa mutoto. Enda uniletee maji ninawe."

Nilikuletea maji. Tulikuwa bado tunanawa Yohana alipotoka. Alikaa chini pale kwenye ngazi, akatikisa kichwa kukubali, mara nyingi, nasi tukajua kwamba Felisita anaishi.

Sasa nafanya kazi katika chumba kile kile, Mama. Mwanzoni niliogopa kwamba bila wewe mikono yangu ingesahau. Mama mkwe wa Felisita alikuja kukuzika, lakini hakuniomba msamaha kwa ajili yako, wala sikumdai. Ila mwezi uliopita alimleta binti yake wa mwisho, mwenye mimba ya miezi minane, akamwacha kwangu, akasema tu, "Nitarudi Jumapili."

Na jana mwanamke mmoja wa Bugeshi, huko milimani, alijifungua. Alikuwa ameshuka siku mbili kabla ya uchungu kwa sababu jirani yake alimwambia asingoje. Mtoto alitoka, kondo likatoka zima, damu ikasimama yenyewe. Akaomba uji. Nikampa uji, nikafua mashuka, nikarudi nyumbani kwa miguu. Hakukuwa na jambo lolote la kusimulia, na njia nzima nilikuwa natabasamu peke yangu.

Pumzika, Mama. Huku tunaendelea.

Mimi binti yako,
Saada