Karani Alipolala Getini

Kaka,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wifi naye mzima, na lile goti lako linalokusumbua kwenye ngazi limekubali kutulia. Sisi huku hatujambo. Mume wangu anakusalimu, ingawa ameniomba nisiyaandike maneno yake yote. Mapacha wanakusalimu na wanauliza kama bado unajua kupiga mluzi kwa vidole. Mama ni mzima kabisa. Hilo neno "kabisa" nimelitia kwa makusudi, na ukifika mwisho utaona sababu. Karani naye hajambo, kwa kadiri ambavyo mbwa kiziwi mwenye jicho moja la ukungu anaweza kuwa hajambo. Amelala juu ya mguu wangu ninapoandika, kwa hiyo mwandiko ukiyumba ujue ni ganzi.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Wewe ni mtu wa bima, umezoea kuwamalizia watu sentensi kabla hawajafika kwenye madai yao. Hapa kwenye karatasi itabidi uniache nimalize.

Nianzie pale ulipoanzia wewe. Ulinipigia ukasema sikukuu imeangukia Jumatatu, kwa hiyo tuna mapumziko marefu, nimtoe Mama nje siku zote hizo tangu asubuhi mpaka jua lipoe. Apunge hewa, ulisema, na huko huko nimlainishe. Nimwambie polepole kwamba tangu Baba atutoke ile nyumba imekuwa kubwa mno kwake, kwamba siku hizi anasahausahau, kwamba alimtilia wifi chumvi kwenye chai badala ya sukari, na kwamba kwako kuna chumba cha kumtosha, ghorofa ya sita, na lifti inafanya kazi siku nyingi. Nyumba itapangishwa. Karani, kwa kuwa jengo lenu halipokei wanyama, atakwenda kwa mlinzi fulani wa ghala unayemfahamu. Nilijiuliza ni mlinzi gani huyo anayetafuta mbwa asiyeweza kumsikia mwizi wala kumwona. Lakini nilikubali, kaka. Nilidhani kupunga hewa ni kupunga hewa.

Jumamosi tulifungasha vitu vilevile vya siku zote: mkate, mayai ya kuchemsha, ndizi, chupa ya chai, na mkeka wa Baba wenye kona iliyoungua. Utanivumilia nikikueleza mambo unayoyajua, nataka uyasome yakiwa yameandikwa. Familia nyingine zikitaka kutoka matembezi huchagua mahali, kisha huenda. Sisi tulikuwa tukiondoka tu. Baba mbele, mbwa ubavuni pake, sisi nyuma na vikapu, na pale mbwa atakapolala ndipo mkeka unapotandikwa. Hakuna rufaa.

Unakumbuka pia kilicholeta sheria hiyo. Wewe ulitaka bwawani kila mara, kwa ajili ya vyura. Mimi nilitaka kwenye misonobari, kwa ajili ya kivuli na kwa sababu wewe hukutaka. Siku niliyokung'ata bega Baba alisema imetosha, kuanzia leo ataamua mbwa, maana mbwa hana mtoto anayempenda zaidi. Na kweli ugomvi ukaisha. Utagombana vipi na mbwa? Alianza Jemedari, akaja Bosi, na sasa Karani, tuliyempa jina hilo kwa vile anavyomtazama kila mgeni kana kwamba amesahau kuleta picha za pasipoti. Mbwa watatu, mama mbalimbali, na wote wana kipaji kilekile cha kuchagua mahali pa mkeka. Wewe na mimi, watu wazima wenye akili zetu, hatukuwahi kujiuliza. Na mimi ndiye ninayejigamba kuwa nawajua watu! Nikilifumua kochi la mteja, kwa vile vilivyoangukia chini ya mito naweza kukwambia nani katika nyumba hiyo anakula kwa kujificha na nani amegombana na nani. Nyumbani kwetu nilikuwa kipofu kuliko Karani.

Basi Jumamosi Mama alitangulia, kama Baba alivyokuwa akitangulia. Karani alikuwa kulia kwake, ili lile jicho zima liwe upande wake. Tulikwenda mwendo wa mzee na mbwa mzee, na Karani akaja kujilaza kwenye misonobari. Nilifurahi kama mtoto. Nilijisikia nimekushinda, na wewe wala hukuwepo.

Jumapili mapacha walikuwa wanaombea mteremko wa nyuma ya shule, wanapoteleza juu ya maboksi. Karani akalala chini ya mteremko, wao wakapiga kelele mpaka nikawahurumia walimu waliokuwa nyumbani kwao. Mume wangu aliwafuata huko juu akisema anakwenda kuwalinda, na akarudi na suruali iliyochanika. Hapo ndipo nilipofanya kazi yako. Nilimweleza Mama habari za chumba, ghorofa na lifti. Hakukasirika. Aliuliza kama huko juu mtu anaweza kuona nani anapita. Aliuliza ataukanyaga udongo wapi asubuhi. Nikamwambia kuna roshani. Akauliza watu hufanya nini kwenye roshani. Nikasema huanika nguo. Akasema hata yeye alidhani hivyo, akammenyea Karani yai. Kisha akaniuliza kama umeshatafuta mpangaji. Nikamwambia kaka hawezi kufanya hivyo kabla Mama hajakubali, nikaapa, kaka, nikaapa kwa jina la Baba. Mama akanitazama vile ninavyolitazama kochi zuri la mteja ninapojua ndani lina kunguni.

Sasa Jumatatu. Tulitoka tumejipanga, vikapu mkononi, Mama mbele, Karani kulia kwake. Tukapita getini kwa Mama. Hatukuwa tumeliacha geti hata urefu wa mkeka, Karani akalala. Hapo hapo, kati ya geti na mtaro, mbele ya pipa la taka. Nilijaribu kumwinua akajilegeza kama godoro lililolowa. Mume wangu alisema labda amekanyaga kitu, tumpe muda. Mama alisema sheria ni sheria, akaninyang'anya mkeka akautandika mwenyewe.

Tulikaa. Ungetuona! Fundi baiskeli wa ng'ambo alituuliza kama mwenye nyumba ametufukuza. Mama akamjibu kwamba mwenye nyumba ni yeye, na bado anafikiria. Mwanamke mmoja alipita na ndoo akatupa pole. Mapacha waliona hayo ndiyo matembezi bora kuliko yote, kwa sababu choo kilikuwa karibu. Hatujamaliza kikombe cha kwanza, gari jeupe likasimama. Akashuka kijana wa shati lililopigwa pasi mpaka kwenye kola, na nyuma yake mume na mke, mume ameshika futi kamba. Kijana alikuwa dalali. Mkononi alikuwa na ufunguo. Niliutambua kwa ile kamba ya bluu: ni wako, uliopewa na Baba mwenyewe.

Alisimama ukingoni mwa mkeka akatafuta pa kupita, hakupaona.

"Samahani mama," akasema, "tunaomba mtupishe kidogo. Tumekuja kuona nyumba."

"Ya nani?"

"Ya yule bwana wa bima. Wenyewe hawapo leo, wametoka matembezi."

"Matembezi yenyewe ndiyo haya," Mama akasema. "Karibuni chai."

Kaka, ungemwona dalali wako! Ufunguo ulianza kuzama mfukoni wenyewe. Yule mke alikaa. Alikuwa amechoka, inaonekana wameshazungushwa nyumba nyingi, akapokea kikombe na yai. Aliuliza Mama amekaa hapo tangu lini, na Mama akamsimulia jinsi Baba alivyosakafia ukumbi yeye na ndoo yake, na jinsi unavyoteremka kidogo kuelekea dirishani kwa sababu alianza kazi akiwa na homa, ndiyo maana marumaru za watoto hupatikana sikuzote chini ya dirisha. Mumewe akaanza kukunja futi kamba. Mwishowe yule mke alimwambia dalali, bila kupandisha sauti, kwamba yeye hapangi nyumba ambayo mwenyewe amekaa getini anakula mayai. Wakaondoka wakiaga vizuri. Dalali alitaka kuondoka nao, lakini Karani alikuwa amelalia kiatu chake. Mama alimwambia mbwa ni kiziwi, hafukuziki kwa maneno, ila pengine akiusikia mlio wa ufunguo ukiwekwa kwenye mkeka. Dalali akautoa mfukoni. Akauweka, na Mama akamvuta Karani shingoni kwa upole.

Ndipo ukapiga simu. Ulisema nimekuaibisha. Ulisema nimepanga, nimemlaza mbwa getini makusudi, na kwamba mimi tangu utotoni nikishindwa nang'ata. Nilikana na nilikana kwa haki. Sikujua lolote. Niliamini imetokea tu. Nilikasirika hata nikafikiri labda kweli mbwa wana kitu wanachokijua.

Hilo ndilo ninalotaka kukusahihisha, maana nimeambiwa nikwambie. Tulipokuwa tunaosha vikombe, Mama aliniita uani akaniambia nimwangalie Karani. Karani alikuwa amesimama. Mama akateremsha mkono ubavuni, akashusha vidole viwili, hivi tu, kama mtu anayekung'uta unga. Karani akalala. Akavipandisha, Karani akainuka, polepole, akilalamikia nyonga. Akavishusha tena.

Ndiyo, kaka. Jemedari, Bosi na Karani, wote watatu. Mbwa hakuwahi kuchagua kitu. Aliyechagua ni Baba, na sisi huko nyuma na vikapu tukibishana kama Jemedari ananipenda mimi au wewe. Mama anasema Baba alikuwa na hesabu kichwani: leo bwawani kwako, kesho kwenye misonobari kwangu, na hakuwahi kumdhulumu mtu zamu yake. Fikiria nyuma, utaona ni kweli. Mimi nimefikiria, na ilinibidi nikae juu ya ndoo.

Na ya dalali je? Alijisaliti mwenyewe. Wewe ulimpa namba ya simu ya nyumbani ahakikishe hakuna mtu, naye akapiga mapema, katikati ya wiki, kuuliza kama mbwa anang'ata. Alipopokelewa na mwanamke alidhani ni dada wa kazi. Akauliza kama yule bibi atakuwa ametoka Jumatatu kama bosi alivyosema. Mama alimjibu ukweli mtupu: mbwa hang'ati, na Jumatatu bibi atakuwa nje. Huyo ndiye mama unayesema anasahau. Kuhusu chumvi kwenye chai ya wifi, ameniambia nikwambie kwamba hakusahau.

Nilimuuliza kwa nini asinionye, akaniacha niape mbele yake kama mjinga. Akasema alitaka kujua kama niko ndani ya mpango au nje yake, na alipoona ninavyoapa akajua niko nje. Kisha akasema jambo ambalo nimelibeba mpaka leo, na ninakupa lilivyo:

"Baba yenu aliwagawia zamu nyote. Yangu hakuwahi kuikumbuka, nami sikuwahi kuidai. Jumatatu nimeichukua. Na mahali pangu ni hapa."

Kwa hiyo nakwambia wazi, na usinimalizie sentensi. Mama hahami. Karani haendi kwa mlinzi yeyote. Ufunguo wako unaning'inia jikoni kwenye msumari wa kichujio, na kitasa mume wangu amekibadilisha. Kama nyumba ilikuwa kubwa mno, si kubwa tena: nimehamishia karakana yangu kwenye chumba cha nyuma, chumba chako, na sasa kimejaa sponji, springi na makochi ya watu mpaka kwenye dari. Kitanda chako nimekifumua. Chini ya godoro nilikuta gamba la yai na chura wa plastiki, nimekuwekea chura. Ukitaka kunishitaki, nishitaki kwa Karani, uone atakutazamaje. Wewe ni kaka yangu mkubwa, nakuheshimu, na shikamoo yangu nimeitoa kwa moyo. Lakini heshima hiyo haina ufunguo wa geti la Mama.

Msalimie wifi. Msalimie na jirani yenu wa ghorofa ya tano aliyenisaidia mizigo siku lifti ilipokuwa kwenye zile siku chache. Mume wangu na mapacha wanarudia salamu zao, na Karani ameshauachia mguu wangu, ambayo kwake ni salamu.

Mama ameniagiza neno la mwisho. Amehesabu kama Baba alivyohesabu, na anasema zamu inayofuata ni yako. Bwawani. Vyura bado wapo. Sikukuu ijayo njoo na wifi, na chai yake itakuwa na sukari akiomba vizuri. Geti utalikuta wazi. Na kama utatukuta tumekaa hapo nje, usituruke. Kaa.

Ni mimi mdogo wako,
fundi wa makochi