Fimbo ya Noreen

Dada yangu Glenys,

Natumaini jua la Hispania bado halijakubabua. Huku Lancashire ni mvua tu, na mawaridi yangu yameoza.

Unamkumbuka Noreen, aliyekuwa akisimamisha magari kwa fimbo yake yenye kibao ili watoto wavuke kwenda shule? Halmashauri ilituuliza kama tungekubali kodi ipande kidogo ili abaki. Shemeji yako Clifford akasimama mkutanoni, akafoka, "Nimlipe mtu kwa kushika fimbo? Ng'o!" Ukumbi mzima ukapiga makofi. Noreen akaondolewa.

Haukupita muda, gari likamkosakosa mtoto wa jirani. Kesho yake nikamwona Clifford anatoka na koti la njano na fimbo aliyojitengenezea bandani. Tangu hapo yuko pale kila asubuhi, na madereva wanamjua kwa matusi yake. Jirani akamtania, "Mzee, sasa kodi utakubali?" Akajibu, "Nilipe ya nini, na kazi inafanyika bure?"

Sasa daktari anasema moyo wake umechoka, akae ndani msimu wote wa baridi. Leo asubuhi nimemkuta anavaa buti. Nikamgombeza mpaka sauti ikanikauka.

"Enid," akasema taratibu, "sasa nani atasimama pale?"

"Yupo mtu," nikamwambia. "Anaitwa Noreen. Anataka kulipwa tu."

Akavua buti moja. La pili bado analo mguuni ninapokuandikia.

Mdogo wako,
Enid